Zamu ya Alhamisi

Mwaka niliorudi kuishi Kibwezi nilikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, shahada tatu, na kazi sina. Chuo nilichokuwa nikifundisha kwa mkataba kiliamua kwamba masomo yangu hayana wanafunzi wa kutosha, jambo ambalo wanafunzi wenyewe walikuwa wameliamua zamani. Mke wangu naye alikuwa ameshaondoka miaka kadhaa kabla, kwa utaratibu na bila kelele, kama mtu anayehama ofisi. Hatukuwa na watoto. Niliwaambia watu kwamba nimerudi kumtunza mama. Ukweli ni kwamba mama ndiye aliyenitunza mimi, kwa miezi minane, kisha akafariki akiwa bado ananiuliza kila asubuhi kama nimekunywa chai.

Aliniachia nyumba ya matofali, baraza ndefu inayotazama barabara, tangi la maji, na ua wa michongoma uliozunguka kiwanja chote. Aliniachia pia, bila kuliandika popote, kundi la wanawake wa mwethya. Mwethya ni desturi yetu Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu. Leo tunachimba matuta kwenye shamba lako, wiki ijayo kwenye langu, na mwenye shamba la siku hiyo anapika muthokoi wa kuwatosha wote, mahindi yaliyokobolewa na kunde, sufuria kubwa. Mama alikuwa mmoja wa walioanzisha kikundi hicho. Mimi nilikuwa nimeitaja mwethya katika makala zisizopungua tatu. Kushika jembe ndani yake, hapana.

Ng'ambo ya barabara, kati ya nyumba yetu na mto, kuna shamba kubwa la bamia. Bamia haina subira. Usipoichuma leo, kesho imekuwa kuni. Kwa hiyo wachumaji huingia kila siku kabla jua halijachomoza, wengi wao wanawake, wamevaa soksi za wanaume zilizokatwa vidole mpaka kwenye viwiko, kwa sababu majani yake yanawasha. Wengine ni wa hapa hapa, wengine wanatoka Kambu na Mbumbuni, wengine wamevuka kutoka upande mkavu wa Kitui na wamepanga vyumba vya mabati kando ya barabara kuu mpaka msimu uishe. Walikuwa wakija na watoto wao, huyu mgongoni, yule ameketishwa kwenye leso ukingoni mwa mfereji.

Siku moja mtoto alikutwa ameketi karibu na injini ya pampu, mkono umenyooshwa kuelekea mkanda unaozunguka, akiushangaa. Hakupatwa na lolote. Nafikiri ni kwa sababu hakupatwa na lolote ndiyo maana nyapara alipata nafasi ya kukasirika badala ya kulia. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto atakayepita lango la shamba.

Kesho yake wanawake wa mwethya walikuja kwangu, watano, wakaketi barazani na kunywa chai yangu bila kuisifu. Aliyesema ni mwenyekiti wao, mama wa miaka sitini na kitu, mkulima wa pojo na kiongozi wa akina mama kanisani. Alisema watoto nao ni matuta, wakiachwa bila mtu watabebwa na maji. Wenyeji wengi walichuma siku tatu au nne kwa wiki na siku nyingine wakalima kwao. Basi kila mmoja atoe siku moja akae na watoto wote, na wenzake watoe zao. Ilihitajika nyumba yenye ua, yenye maji, iliyo karibu na lango ili wanaonyonyesha waweze kukimbia mara moja na kurudi. Walikuwa wametafuta sana, na nyumba hiyo ilikuwa yangu. Hawakuwa wanaomba. Walikuwa wananiarifu.

Nikasema habari za uandishi na utulivu unaohitajika. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma ya mtu anayetazama mgonjwa.

"Mama yako hakuwa na ugonjwa huo," akasema.

Kisha akataja sheria za zamu. Nyumba moja, zamu moja. Wanakikundi wanaweza kubadilishana kazi kwa kazi, kama ilivyo siku zote kwenye mwethya. Lakini asiye wa kikundi hawezi kushika zamu ya mama yeyote, ila kama ni mtu wa nyumba yake: mume, dada, binti mkubwa. Nyumba isiyotoa mtu, mtoto wake harudi. Sheria hizi zilisomwa barazani kwangu, nikiwepo, nikitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa nikifikiria aya niliyoiacha mezani.

Wakaanza watoto kumi na wanne. Nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikaketi ndani nikitokwa na jasho kwa ajili ya fasihi. Siku ya tatu mlango ulisukumwa na msichana wa kama miaka mitatu aliyevaa fulana iliyomfika miguuni. Hakusema kitu. Alipita kama mtu anayekwenda kwake, akaingia chini ya meza, akalaza kichwa juu ya mguu wangu wa kushoto na kulala. Sikuusogeza mguu huo kwa saa nzima na nusu. Uliposhikwa na ganzi nikajiambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya maana zaidi iliyowahi kufanywa na kiungo changu chochote.

Mama yake alitoka Kongo, upande wa mashariki. Nilizijua habari zake kidogo kidogo, kwa sababu hakupenda kuulizwa na mimi nilipenda kuuliza. Walikimbia, yeye na mumewe na mama mkwe, wakafika kambi ya wakimbizi kule kaskazini, na mtoto akazaliwa huko. Mume akaenda kusini kutafuta kazi, mpaka Msumbiji, akaahidi kuwaita. Alipiga simu Jumapili, zile Jumapili alizoweza. Mama alisikia kwamba kuna kibarua cha bamia Kibwezi, akaja na mtoto, akapanga chumba. Huku nyuma mama mkwe alikuwa akituma ujumbe kila mara: mrudishe mtoto kambini nimlee, wewe utafute maisha. Na mwisho wa mwezi uliofuata kulikuwa na mama mmoja wa kwao, aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge, ambaye angesafiri kwenda huko na alikuwa tayari kumchukua mtoto.

Hapo ndipo jambo lilipokaa, na kila mtu pale barazani alilijua. Mtoto akipata pa kushinda mchana, atabaki na mama yake. Asipopata, atapanda basi.

Wiki mbili za kwanza wanawake walimsamehe zamu, kwa sababu alikuwa mgeni. Lakini kila mtu anajua mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mikono ya mama huyu ilikuwa tayari imejaa jembe la watu wengine. Yeye alichuma kila siku, siku sita. Nyapara alikuwa na mazoea kwamba mgeni asiyefika siku moja mstari wake unapewa mmoja wa wale wanaosubiri langoni, na langoni hapakosi watu. Wala hakuwa na shamba, hivyo hakuwa na siku yake ya kulimiwa ambayo angempa mwenzake badala ya zamu. Kwenye mkutano wa kikundi, kando ya tangi, jambo hili lilizungumzwa kwa upole mkubwa, na nilianza kuelewa kwamba upole ule ulikuwa wa kukataa. Zamu yake iliangukia Alhamisi. Nani angeishika?

Nilisimama. Ninakumbuka nilisimama, ingawa wengine wote walikuwa wameketi na hapakuwa na haja.

"Zamu yake nitaishika mimi," nikasema.

Mwenyekiti akaweka chini kiondo alichokuwa akisuka.

"Wewe, mwalimu? Mbele yetu sote?"

"Mbele yenu sote."

"Una uhakika?"

Nikasema nina uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika wa jambo lolote. Bibi mmoja mkongwe akapiga kigelegele kifupi, akajizuia. Wengine wakatazamana na kutabasamu. Mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema Mungu hachelewi. Nikadhani wameguswa na msimamo wangu. Usiku huo niliandika makala kuhusu mwanamume wa Kiafrika na malezi, nikaituma gazetini. Waliichapisha. Afadhali wangeniambia kwanza ninywe maji nitulie.

Mama wa Kongo hakuwepo kwenye mkutano. Alikuwa bado shambani. Jioni alipokuja kumchukua mtoto nilimwambia zamu imepata mtu, asiwe na wasiwasi. Alisema asante, papa. Alimwita kila mwanamume papa, hata nyapara.

Siku zilizofuata nilianza kuletewa vitu. Kuku jogoo. Sufuria mpya yenye mfuniko. Debe la pojo. Blanketi. Nilivipokea kama kodi ya baraza na nikashangaa jinsi watu wa kwetu walivyo wakarimu. Hata kitanda cha kamba kililetwa, cha ukubwa wa kutosha watu wawili, nikakiweka barazani watoto walalie.

Ningependa kueleza Alhamisi zile, lakini najikuta sina la kueleza, kwa sababu hakuna kilichotokea. Niliamka saa kumi na moja, nikapika uji. Wanawake waliopita kwenda shambani waliniachia watoto wao na maneno. Mmoja aliniuliza kama chuo kikuu hakikutufundisha kufunga nepi. Mwingine alinitazama nikimbembeleza mwanawe akasema, "Usimwangalie hivyo kama unasahihisha mtihani, ndiyo maana analia." Nilijifunza kupuliza uji. Nilijifunza kwamba watoto kumi na wanne hawawezi kulala pamoja, na kwamba ukimlaza wa mwisho wa kwanza ameamka. Nilijifunza kubeba mtu mgongoni kwa leso, jambo ambalo madereva wa malori ya barabara ile watalisimulia kwa muda mrefu.

Yule msichana hakuhitaji kubebwa. Alinifuata tu. Nikienda tangini, yupo. Nikigeuka, nusura nimgonge. Alikuwa na tabia ya kushika kidole changu kidogo, hicho tu, na kukivuta aliponitaka niiname. Nilipoinama hakuwa na la kuniambia. Alitaka tu nyuso zetu ziwe sawa. Jioni, saa kumi na nusu, nilimchukua mpaka kwenye lango la ua wetu, na mama yake akitokea ng'ambo ya barabara na soksi zake mikononi, nilimkabidhi. Kuna uzito fulani unaotoka mkononi mwako ukaingia mkononi mwa mtu mwingine. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na sikuwa nimewahi kuujua. Baada ya hapo nyumba ilikuwa na Ijumaa, Jumamosi, siku zote zile za watu wengine, ambazo nilizipita nikiangalia kalenda kama mtoto wa bweni.

Alhamisi ya nne mama alikuja, akampokea mtoto, lakini hakuondoka. Alimweka chini. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye nguo ndogo zilizofuliwa na kukunjwa.

"Papa," akasema, "batu banasema miye niko bibi yako."

Nilicheka. Yeye alingoja nimalize.

Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama barabara. Shambani walikuwa wakimwita mke wa mwalimu. Alidhani ni utani wa wachumaji, kwa sababu wachumaji wakiwashwa mikono hutania. Lakini Jumapili mke wa mchungaji alimshika pembeni baada ya ibada, akamwuliza ni lini watakuja, yeye na mimi, jambo letu likaombewe. Na Jumatano yule mama wa vitenge alimpongeza. Yule mama wa vitenge ndiye aliyekuwa akienda kambini. Mama mkwe alikuwa kambini.

Hapo nikaikumbuka sheria yote, neno kwa neno, kama ilivyosomwa barazani. Mtu wa nyumba yake: mume, dada, binti mkubwa. Dada yake nisingeweza kuwa. Mwanamume anaposimama mbele ya kikundi na kushika zamu ya mwanamke, amesema kitu, na kila mtu aliyezaliwa kati ya hapa na Mwingi anajua amesema nini, isipokuwa yule aliyeandika makala tatu.

Nikaanza kuomba radhi. Alinikatiza.

"Nilivuka mipaka miwili niko bibi ya mutu mumoja," akasema. "Akisikia hii, hatapiga simu tena. Na kama hapigi simu, mutoto atamujua baba yake wapi?"

Mtoto alikuwa amekwisha kukishika kidole changu. Mama akaona, akatazama pembeni. Alisema mama wa vitenge anaondoka Jumamosi asubuhi. Mtoto ataenda naye. Ni afadhali akae kwa bibi yake chini ya jina la baba yake, kuliko kukaa hapa chini ya jina langu. Hakulisema kwa hasira. Ningependa angelisema kwa hasira.

Nitaandika hapa kitu ambacho sikumwambia, wala sikumwambia mtu mwingine. Aliposema lile neno, bibi yako, kabla sijacheka, niliona meza ya mama yangu ina sahani tatu. Niliiona vizuri sana, na kikombe kidogo cha plastiki pembeni. Halafu ndipo nikacheka. Nilikuwa nikimcheka nani sijui.

Nilimwambia asubiri mpaka kesho jioni. Alisema atasubiri mpaka kesho jioni, kwa sababu basi ni Jumamosi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa uani kwake akipura pojo kwa fimbo, na aliendelea kupura nilipokuwa nikieleza, hata nikalazimika kutafuta nafasi kati ya pigo na pigo. Nilipomaliza alisimama, akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema.

Nikakubali kwamba aliniuliza mara mbili.

Walidhani nina aibu, alisema. Walidhani, kwa kuwa nimesoma na nimekwisha kuachwa mara moja, nimeona vigumu kutuma wazee, nikapitia mlango wa zamu. Na walifurahi. Huyo mama ni mchapakazi, ana heshima, hana kelele. Habari za mume walizisikia, lakini wanaume wanaokwenda kusini wasirudi wamesikika wengi. Kisha akaketi juu ya debe, akanitazama, na safari hii hakuniita mwalimu.

"Mwanangu, mama yako alituomba. Wiki ile ya mwisho. Alisema tusikuache peke yako."

Kuku wake walikuwa wameanza kula pojo na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

Nilimwuliza kama hawezi yeye kuwaambia wengine, kimya kimya, mmoja mmoja. Alisema hapana. Jambo linafutwa pale lilipoandikwa. Nililisema mbele ya wote, kando ya tangi, nimesimama. Basi nikasimame tena.

Jioni ile walikuja wote, moja kwa moja kutoka shambani na kutoka kwao, wengine bado na soksi mikononi. Mama wa Kongo alisimama nyuma kabisa karibu na ua, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Nilipowaona wamekaa nikasahau utangulizi.

"Huyu mama si wa nyumba yangu," nikasema. "Ana mume wake, na mume wake yu hai. Nilishika zamu bila kujua nimeshika nini. Kosa ni langu, si lake, na yeye hakuwepo."

Mama mmoja wa mbele, wa upande wa Kitui, akainua mkono kwa adabu.

"Mwalimu, ulisoma miaka mingapi kwa jumla?"

Nikataja. Akawageukia wenzake, akatikisa kichwa taratibu, na hapo kicheko kikaanza, kikazunguka tangi, kikarudi. Nilikingoja kiishe. Nilikuwa nimejifunza kwa mtu jinsi ya kungoja kicheko kiishe.

Bibi mkongwe, yule wa kigelegele, akauliza habari za jogoo wake. Nikasema nimeshamla. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na nilipotazama kule nyuma yao, karibu na ua, mama wa Kongo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mwenyekiti akawanyamazisha. Alisema lililofutwa limefutwa, na atakayelirudia shambani au kanisani atakuwa amemtukana yeye. Yeye mwenyewe atakwenda usiku huo huo kwa mama wa vitenge, kabla hajafunga mizigo, amweleze kosa lilivyotokea, ili likifika kambini lifike limenyooka. Kisha akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu jana. Zamu ya Alhamisi ya nyumba hiyo itashikwa na nani?

Niliutazama mfuko wa plastiki, ambao mama alikuwa ameuleta tena, umening'inia mkononi mwake.

Aliyesema ni mama mmoja mnene wa Mbumbuni, aliyekuwa akiugua mgongo. Alisema Alhamisi yeye huchuma, na kuinama kwenye bamia kunamuua. Kama kuketi na watoto ni kazi, na ni kazi, basi yeye aketi siku hiyo, na huyu wa Kongo achume mistari yao yote miwili. Mkono wake ni mwepesi, kila mtu amemwona, anamaliza akawangoja wenzake. Nyapara hutazama mistari, hatazami nyuso. Kazi kwa kazi.

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Nilitafuta kosa ndani yake kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani na sikuliona. Wiki zote zile tulikuwa tumesema hana cha kubadilishana kwa sababu hana shamba, na mikono yake ilikuwa mbele yetu kila siku, imevikwa soksi.

"Lakini ni nyumba?" mtu akauliza. "Nyumba moja, zamu moja."

Mwenyekiti akamgeukia yule mama. "Unapika wapi?"

"Kwangu. Niko na mafiga yangu."

"Ni nyumba," mwenyekiti akasema. Akatazama huku na huku kama kuna mwenye la kuongeza, na macho yake yakanifikia mimi, bado nimesimama. "Na wewe, mwalimu, tunakushukuru kwa baraza. Lakini huna mtoto hapa. Huna zamu."

Nikasema naelewa. Na nilielewa. Nilikuwa nimesimama pale ili mtoto asipande basi, na mtoto hakupanda basi. Jumamosi asubuhi nilipita makusudi karibu na ile ploti ya vyumba vya mabati, nikijifanya naenda kununua sukari, nikaona zile nguo ndogo zimeanikwa tena kwenye kamba, ingawa zilikuwa safi. Nadhani alizifua ili tu kuzianika.

Alhamisi iliyofuata niliamka saa kumi na moja na kuuchemsha uji kabla sijakumbuka. Niliunywa mwenyewe, vikombe vitatu, nimesimama jikoni. Mama wa Mbumbuni alifika, akaweka mto kwenye kile kitanda cha kamba, akaketi kama malkia, na watoto wakamzunguka. Alikuwa fundi kuliko mimi. Aliimba. Aliwalaza wote kumi na wanne kwa wakati mmoja kwa mbinu ambayo hadi leo sijaigundua, na sikuona vyema kuuliza.

Msichana alinitafuta wiki ya kwanza. Alisukuma mlango, akaingia chini ya meza, na mama wa Mbumbuni akaja kumchukua na kuniomba radhi kwa usumbufu. Nilisema si usumbufu. Alidhani ni adabu. Wiki ya pili alikuja mara moja. Wiki ya tatu nilimwona dirishani akivuta kidole kidogo cha mama wa Mbumbuni, na yule mama akainama, mgongo wake na yote, mpaka nyuso zao zikawa sawa. Nimejaribu kufurahi. Mtoto anayejua kuhamisha mkono wake ni mtoto atakayefika mbali, na huyu ana safari bado. Mume amekwisha kupata chumba huko kusini. Karatasi zikikamilika wataondoka, nami nimemsaidia mama kujaza mbili kati ya hizo, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo kikuu.

Jana ilikuwa Alhamisi. Saa kumi na nusu mama alitokea ng'ambo, akavua soksi, akampokea mtoto kutoka kwa mama wa Mbumbuni langoni. Mimi nilikuwa dirishani na kitabu. Simu yake ikalia pale pale barabarani, ingawa haikuwa Jumapili. Alitazama namba, akakaa chini kwenye nyasi bila kuangalia anapokaa, akaweka simu kwenye sikio la mtoto. Mtoto huyo hajui kusema polepole kwenye simu. Anadhani kwa kuwa Msumbiji ni mbali lazima apaze sauti. Alimweleza baba yake kwamba wamekula ndizi. Kwamba mbuzi aliingia ndani ya ua. Kwamba kuna mtoto amemng'ata mwenzake, si yeye. Alitaja watu wengi, kwa mpangilio wake. Nilisimama pale nikisikiliza orodha yote mpaka mwisho, nami sikuwemo.

Kisha wakainuka, wakavuka barabara, na baada ya lori moja kupita sikuwaona tena. Mama wa Mbumbuni alikusanya vikombe, akaaga. Nikatoka kwenda kufunga lango. Kazi hiyo haina zamu, hufanywa na mwenye nyumba.